Mstari wa Chini ya Karatasi

Siku ile mliponiaga ofisini mlinipa saa ya ukutani na kitenge, kisha Espoir akasimama na fanta yake mkononi akasema: Maman Nsimire, utuandikie kidogo namna kazi ilivyokuwa zamani. Nilijua alikuwa anatafuta njia ya kumaliza hotuba. Lakini mimi nikiombwa kitu nakifanya, na ndiyo sababu mlinipa kazi nyingi kuliko wengine. Basi haya hapa. Vyeo nitaviruka, mishahara vilevile, maana vyote viwili viliniruka mimi kwanza.

Nilianza nikiwa msichana aliyetoka shule ya sekretarieti. Nilijua kupiga mashine kwa vidole vyote bila kutazama, na nilijua kufuma vitambaa vya meza, maana masista wa foyer, kile kituo cha kufundishia wasichana ushonaji, walikuwa hawaamini kwamba msichana anaweza kula kwa kupiga mashine peke yake. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Mashine niliyopewa ilikuwa haina herufi e. Jaribuni ninyi kuandika Kifaransa bila hiyo herufi. Niliogopa kusema, kwa hiyo nilipiga barua nzima nikiacha nafasi, halafu nikarudi kuzijaza kwa kalamu ya bic, e moja baada ya nyingine, nikijitahidi zifanane.

Mchana akaingia mtu mrefu, mwembamba, mwenye bisibisi iliyofungwa kwa kamba shingoni kama msalaba. Huyo alikuwa Papa Deo, fundi wa mashine za kuandikia wa ofisi yetu ya kuratibu vituo vya afya, na kusema kweli wa nusu ya mji wa Bukavu. Alisimama nyuma yangu akatazama.

"Weye njo uko naandika e na bic?"

"Ndiyo, papa."

"Tangu asubui?"

"Ndiyo, papa."

"Na haukuita mutu?"

Akavua ile kamba shingoni, akaifungua mashine, akasema, "Masikini. Weye utazeeka mu hii ofisi." Na nimezeekea humo, kama mlivyoona.

Papa Deo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kusafisha herufi kwa mswaki na petroli kidogo, kukunja karatasi ya kaboni isiache alama, na kuifunika mashine kila jioni. Kwa kufunika nilitumia kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cha mishono ya msalaba, ndege wawili na maua katikati. Wakubwa walikuwa wanakuja na wageni kuonyesha ofisi, na mgeni aliyesifu chochote alisifu kitambaa. Mashine yenyewe hakuna aliyeiona.

Jambo moja zaidi kuhusu Papa Deo mlishike, litahitajika mbele. Alikuwa hapandi gari. Alikaa mtaa wa Cimpunda, juu mlimani, akashuka kwa miguu kila asubuhi na kupanda kwa miguu kila jioni, mvua au jua. Gari lilimtapisha. Si mwendo tu, hata harufu ya viti. Siku moja mkurugenzi alimkaribisha aketi ndani ya gari lililosimama, injini imezimwa, wazungumze kidogo. Mazungumzo yalikuwa mafupi sana na kiti kilioshwa siku hiyohiyo.

Kompyuta ilipofika, ordinateur kama tulivyoiita, Papa Deo alikuwa mzee tayari, lakini aliitazama kama alivyotazama mashine yangu isiyo na e. Aliazima kitabu cha Kifaransa kilichokuwa kinene kuliko misale, akakisoma chote, hata ukurasa wa mwisho wenye majina ya wachapishaji. Kisha vita vikaja. Sitavieleza; waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo wameshachoka kusikia. Nitasema tu kwamba watu waliopora ofisi yetu walibeba skrini wakidhani ni televisheni, wakabeba kitambaa changu cha ndege wawili, na wakaacha lile sanduku la kompyuta, maana hawakuona lina faida gani. Mmoja wao alikuwa amelitumia kama kiti. Kila kitu tulichowahi kuandika kilikuwa ndani ya kile kiti.

Tulipata skrini nyingine, na pamoja nayo wafadhili wakatutumia kijana fundi kutoka mbali. Kijana mzuri, mwenye adabu. Alitutengenezea kurasa: ukurasa wa ripoti, ukurasa wa dawa, ukurasa wa kuomba ruhusa ya kusafirisha mizigo. Ulikuwa unazifungua kwenye navigateur, lile dirisha mnalofungulia intaneti, ingawa intaneti yenyewe hatukuwa nayo. Kurasa zilikaa ndani ya mashine yetu tu. Zilikuwa nzuri, lazima niseme. Juu kulikuwa na bendi ya kijani kibichi, pembeni nembo yetu, mama aliyebeba mtoto mgongoni, na chini majedwali yenye mistari iliyonyooka.

Word hakutuwekea. Alisema Word ni mambo ya zamani, na karatasi yenyewe imekaribia kuisha duniani. Aliposikia mizinga ya kwanza aliondoka na ndege ya kwanza, kwa hiyo hakukaa Bukavu vya kutosha kuona kama karatasi imeisha.

Sasa nifike kwenye ile safari ya serum, ambayo ndiyo mlitaka, maana nyote huwa mnaiuliza mkiwa mmeisikia vibaya.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya nyuma ya Walungu. Huko ndiko mdogo wangu Faida alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, kituo chenye vyumba vitatu na wagonjwa hadi uani. Katoni za serum, yale maji ya kutundikia wagonjwa kwa mshipa, zilikuwa kwetu, zimeshapakiwa kwenye lori, lori liko kwenye ua, dereva yuko tayari. Kilichokosekana ni karatasi moja: ruhusa ya kutoka mjini. Wenye kushika mji wakati huo walikuwa wamefungua ofisi ya kutoa ruhusa hizo, na ofisini humo alikaa mtu tuliyemwita Papa Directeur. Kila adhuhuri Faida alikuwa anapiga phonie, ile redio yetu ya mawasiliano, na sauti yake ilikuja ikikwaruza, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, kila mmoja wetu akifunga maneno yake kwa à vous, yaani zamu yako.

"Yaya, serum? À vous."

"Inakuya. À vous."

"Inakuya iko wapi? À vous."

Nilifungua ukurasa wa ruhusa, nikajaza, nikauchapisha kwenye imprimante yetu, nikaupeleka. Papa Directeur aliushika kwa mikono miwili. Alikuwa mtu safi, mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku ambazo mji mzima haukuwa na umeme, na sijui mpaka leo alifanyaje.

"Hii iko muzuri," akasema. "Forme iko. Couleur iko. Référence iko."

Kwa référence, yaani namba ya kumbukumbu, akaweka kidole chini kabisa ya karatasi. Vijana, mnajua navigateur ikichapisha ukurasa huwa inaandika yenyewe chini, kwa herufi ndogo, mahali faili lilipolala. Papa Deo ndiye aliyepanga kurasa zile baada ya yule kijana kuondoka, na kabati aliloziweka ndani ya mashine alilipa jina lake mwenyewe, ili mtu asije akazifuta akidhani ni za bure. Kwa hiyo chini ya karatasi palisomeka: file://C:\PAPADEO\ruhusa.htm. Papa Directeur alifungua daftari lake akainakili yote, pamoja na vile vijiti vya kulala, kwa mwandiko wa shule ya masista. Sikuona sababu ya kumsahihisha. Ningemwambia nini?

"Sasa problème iko ku français," akasema. "Munaandika 'nous demandons', 'tunaomba' tu. Banatuombaka vile? Mulete mu disquette, mu Word, nitarekebisha mwenyewe."

"Papa Directeur, siye wenyewe turekebishe tulete tena?"

"Hapana, maman. Siye njo tunajua namna tunapenda kuombwa."

Nikamweleza kwamba Word hatuna. Akasema yeye anayo. Nikaomba basi niketi nipige pale kwake. Akaniangalia kama nimeomba kulala kitandani mwake. Kibodi yake ilikuwa imefunikwa na nailoni na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata karani wake.

Nilirudi nikamkuta Papa Deo amekaa mbele ya skrini. Nikamweleza: tunatakiwa kutoa document ya Word kutoka kwenye mashine isiyo na Word, tukiwa na navigateur peke yake. Alifikiri kidogo.

"Word inatazamaka mukia ya jina," akasema. "Mwili haipimake."

Akauhifadhi ukurasa, akaukata ule mkia wa htm, akaweka doc. Basi. Nilimuuliza kama ni hilo tu. Akasema ndiyo, hilo tu, na kwamba watu wengi wamepita maishani kwa njia hiyohiyo. Tukaweka kwenye disketi nikapeleka.

Papa Directeur aliiingiza disketi mwenyewe. Na kweli Word yake ikaifungua bila kuuliza swali. Lakini ukurasa ulitoka uchi. Hakuna kijani, hakuna jedwali lililonyooka, herufi zimebadilika, maneno yamemwagika upande mmoja. Yule kijana alikuwa ameweka mapambo yote katika faili lingine la pembeni, na hilo lilikuwa limebaki kwetu.

"Maman," akasema Papa Directeur kwa upole, "hii ni brouillon, ya kujaribia tu. Minaona yenu ya kweli, iko na vert. Munanificha nini?"

Faida akapiga phonie. Alikuwa amebakiza kidogo, na alikuwa ameanza kuwanywesha maji ya chumvi na sukari hata wale ambao hawakuweza tena kunywa. Sikumwambia kuhusu kijani. Unamwambiaje mtu mwenye wagonjwa uani kwamba tunangoja rangi?

Papa Deo aliyahamisha mapambo yote kutoka lile faili la pembeni, akayaandika ndani ya ukurasa wenyewe, kichwani, ili popote utakapokwenda uende na nguo zake. Bendi akaifanya jedwali la chumba kimoja chenye rangi, maana kitabu kilisema Word inayaheshimu majedwali kuliko kitu kingine chochote. Nikapeleka. Kijani kikatoka. Mistari ikanyooka. Papa Directeur alikuwa ameshaanza kutabasamu, kisha tabasamu likakoma.

Pembeni, mahali pa nembo, palikuwa na kisanduku chenye alama ya X nyekundu.

"Nani amekataa?" akauliza.

"Papa?"

"Hapa banaweka croix rouge. Document imeshakataliwa. Ni nani ameikataa mbele yangu?"

Nilimweleza kwamba ile X ni ya mashine. Picha iko kwetu, mashine yake inaitafuta kwenye kabati la PAPADEO na kabati hilo kwake halipo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango, akashusha sauti, akaniuliza kama ni watu wa usalama walioweka. Alisema yeye ana watoto na hawezi kuweka muhuri juu ya kitu ambacho mkubwa mwingine amekwisha kukikataa. Nilipotoka alinisindikiza hadi kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akanipa pole.

Hapo niliketi kwenye ua, karibu na lori, nikalia. Sikulia kwa ajili ya X. Nililia kwa sababu adhuhuri ya jana yake Faida alikuwa amesema anaacha kuhesabu wanaotoka kwa machela.

Papa Deo akaja akasimama karibu. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Akasema, "Ile kitambaa yako ya ndege mbili. Ulikuwa unaifuma je?"

Nikamwambia: kwa kuhesabu vishimo. Kila kishimo rangi yake. Ukikaribia unaona misalaba tu, ukisogea mbali unaona ndege.

"Na jedwali iko na vyumba," akasema.

Tukainuka. Siku hiyo nilifuma nembo yetu kwa jedwali, chumba kidogo kidogo, kila chumba na rangi yake. Papa Deo aliandika, mimi nilikuwa nasoma kutoka karatasi ya mirabaraba niliyoichora kwa kalamu za rangi: nyeupe, nyeupe, kahawia, kahawia, nyekundu. Hakuna picha ya kutafutwa popote. Mama na mtoto wake wakawa sehemu ya maandishi yenyewe. Sitawadanganya, walitoka vibaya. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha pembe nne na mama alionekana kama mtu wa vilima vya Kasha anayeshuka mjini na gunia la makaa. Lakini X haikuwepo.

Papa Directeur aliitazama muda mrefu, akarudi nyuma hadi ukutani, akaitazama tena.

"Sasa njo logo," akasema. "Mutu iko na muzigo. Inapatana na transport." Kisha akashusha macho hadi chini. "Référence yake iko wapi?"

Ile anwani, mnakumbuka, huandikwa na navigateur wakati wa kuchapisha. Ndani ya Word haipo. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Nilikuwa nimeshajifunza. Nikasema, "Samahani papa, tumeisahau," nikachukua disketi nikarudi mbio na vile viatu vyangu mkononi.

Papa Deo alikataa mwanzoni. Yeye alikuwa na heshima na mambo ya mashine. "Iko adrese, haiko référence," akasema. "Tutaandika uongo na mukono yetu?" Nikamwambia aandike. Akaandika, herufi kwa herufi, chini kabisa: file://C:\PAPADEO\ruhusa.htm. Akasema nikipeleka safari hii anakuja nami, kwa sababu anataka kumwona kwa macho mtu huyu.

Tukaenda wawili kwa miguu. Papa Directeur alifungua, akahakikisha kijani, nembo, référence dhidi ya daftari lake, kijiti kwa kijiti. Kisha akaondoa nailoni juu ya kibodi na akaanza kusahihisha kwa kidole kimoja. Alifuta "nous demandons". Aliandika kwamba tuna heshima kubwa ya kuomba kutoka kwa wema wake wa juu. Akajisomea kwa sauti jinsi tulivyomwomba, na nadhani aliguswa. Akachapisha.

Imprimante yake ilikuwa na wino mweusi tu. Ile bendi ya kijani, iliyotuzuilia katoni za serum, ikatoka rangi ya majivu.

"Vert iko muzuri," akasema Papa Directeur, akapiga muhuri.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Yeye akaishikilia karatasi.

"Na huyu Papadeo ni nani?"

Papa Deo alikuwa mlangoni. Wakati ule mtu wa ofisi kama ile akiulizia jina lako, watu wa nyumbani huanza kukutafuta jioni.

"Ni miye," akasema.

"Muzuri. Utapanda na mizigo. Kwa barrière askari batasoma référence, batauliza Papadeo iko wapi. Kama haiko ndani, camion inarudia."

Nikaingilia. Nikasema ni jina la mahali ndani ya mashine, hakuna uhusiano na mizigo, huyu ni fundi, ni mzee, gari linamwumiza. Papa Directeur alinisikiliza kwa upole wake ule.

"Maman, jina iko ku référence. Mutu mwenye jina iko hapa. Sasa problème iko wapi?"

Tungeweza kuomba ibadilishwe. Angeifungua tena, angeisahihisha tena, tungengoja muhuri mwingine, na daftari lingehitaji mstari mpya. Tulipofika uani ilikuwa adhuhuri na phonie ilikuwa inalia. Faida alisema neno moja tu, kwamba imeisha, na hakumalizia hata kwa à vous.

Papa Deo akavua ile kamba shingoni, akanipa bisibisi.

"Unichungie hii," akasema. "Itapotea mu njia."

Dereva akamfungulia mlango. Yeye akazunguka lori mara ya kwanza, akazunguka tena, akapanda kama mtu anayepanda meza ya operesheni. Barabara ile ilikuwa na watu wenye bunduki wa kila upande, na wengine wasio na upande. Nimesikia risasi nyingi maishani, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa lori lile lilipokata kona na mkono wake ukatoka dirishani, si kuniaga, ila kutafuta hewa.

Sikurudi nyumbani. Nilikaa karibu na phonie na bisibisi mapajani. Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, ikakwaruza.

"Yaya, camion imefika. Mizigo yote iko. À vous."

Nikashukuru Mungu kwa lugha zote ninazozijua, kisha nikabonyeza kujibu. Faida alikuwa hajamaliza.

"Na mugonjwa wenu tumemupokea. Tumemuweka ku serum. À vous."

"Mugonjwa gani? À vous."

"Ule muzee mulitutumia. Ametapika tangu Bukavu, alifika hata kusimama hawezi. Banamutoa mu camion, tukamulaza tukamutafutia musipa. Anasema yeye ni wa ordinateur. Minaona homa imeshapanda ku kichwa. À vous."

Nilicheka hadi mlinzi akaja kutazama. Chupa ya kwanza kutoka katika lori lile, serum ambayo tuliifumia nembo na kuiandikia uongo chini ya karatasi, iliingia kwenye mkono wa mtu pekee pale kituoni ambaye hakuwa na kipindupindu. Faida alipogundua alikasirika kweli, na alisimulia kwa hasira miaka mingi. Lakini alisimulia na sehemu ya pili. Papa Deo alipopata nguvu ya kusimama, alikuta wagonjwa wamelala uani na hakuna vyuma vya kuning'inizia chupa. Akasimama katikati yao, huyo mtu mrefu, akazishika. Chupa mkono huu, chupa mkono huu. Wakimwambia apumzike alisema serum yao ameshaila, na ni lazima aifanyie kazi. Alikaa huko hadi wagonjwa walipoanza kurudi makwao kwa miguu yao. Lori lilipomngoja alikataa. Alirudi Bukavu kwa miguu, kutoka nyuma ya Walungu, akafika ofisini amevimba miguu na akaniuliza bisibisi yake.

Kilichofuata mnakijua bila kujua mnakijua. Lori lililofuata lilipofika kwenye barrière na karatasi isiyo na ule mstari, askari walilirudisha. Karatasi ya kwanza ilikuwa nao, kwa hiyo karatasi halali ilikuwa ni ile yenye mstari. Tukaurudisha. Papa Deo alitengeneza kitufe ndani ya ukurasa wenyewe: unakibonyeza kwenye navigateur, inatoka document ya Word na kijani chake, na mama wa gunia, na mstari wa chini. Ofisi nyingine zikatuomba kielelezo. Parokia moja ikauweka chini ya cheti cha ubatizo. Na askari wale wa barrière, kila lori likifika, waliuliza, "Papadeo ni nani hapa?" na mtu aliyetumwa kusindikiza mizigo alijibu, "Ni miye." Wanawake wamejibu hivyo. Padri mmoja amejibu hivyo. Hadi leo ninyi wenyewe mkipakia dawa mnaulizana nani papadeo wa safari hii, na sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza neno hilo limetoka wapi.

Yeye mwenyewe hakupanda gari tena. Alifariki Cimpunda, kitandani kwake, vita vikiwa vimeshapoa, na tulimbeba kwa mabega hadi kaburini, maana mke wake alisema msimtie ndani ya gari sasa akiwa hawezi kukataa. Namkumbuka kila siku, na inaniuma bado.

Sasa, ile siku mliponiaga, Espoir alinipa na bahasha yenye cheti cha kustaafu. Akaniomba radhi kabla sijaifungua. Alisema chini kuna mstari ambao hata yeye hajui ni wa nini, umekuwa kwenye kielelezo tangu zamani, amejaribu kuufuta akaona karatasi inabaki kama haijamalizika. Nilimwambia hakuna shida.

Nilimpelekea Faida akisome. Siku hizi macho yake si mazuri, anakaa na karatasi karibu na pua. Nilingoja asome jina langu, na yale maneno mazuri kuhusu uaminifu na utumishi, maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasoma zaidi ya mara moja. Aliyaruka yote. Akashuka moja kwa moja chini, akaweka kidole pale kama Papa Directeur, akasoma polepole, kijiti kwa kijiti.

"Huyu," akasema, "alinikuliaka serum moja."

Kisha akavua miwani, akaniomba kitambaa.